Sindano, Betri na Bati: Santuri Katika Nyumba za Kisarawe na Kibaha

Barabara mbili hutoka Dar es Salaam kuelekea machweo. Moja ni ya Pugu, ambayo sehemu yake ya mjini siku hizi inaitwa Nyerere: hupita Ukonga na Gongo la Mboto, hupanda vilima na kutokea Kisarawe. Nyingine ni ya Morogoro, ipitayo Ubungo, Kimara na Mbezi mpaka Kibaha, kilomita kama 40 kutoka mjini. Katika sehemu kubwa ya karne ya 20, karibu kila kilichotakiwa ili santuri ilie ndani ya nyumba za huku kilifika kwa njia hizo, au kwa garimoshi la Reli ya Kati lipitalo Pugu na Ruvu: mashine, sahani zenyewe, sindano, betri. Masikio hayakuhitaji kuagizwa. Huku Uzaramoni kulikuwa na ngoma ya mwali anapotolewa nje, ngoma ya harusi na ngoma ya uganga, na mtu mzima alizitambua zote akiwa bado njiani, hajafika uwanjani. Aliyezoea kusikia ngozi ikipigwa hatua tatu kutoka alipokaa hakudanganyika kirahisi na kisanduku kinachokwaruza.

Ndiyo maana historia ya santuri huku ni pia historia ya watu kuibembeleza mashine itoe sauti safi kuliko ilivyokuwa tayari kutoa. Mara nyingi walishindwa, na sababu za kushindwa zilikuwa mbali sana na mikono yao.

Santuri za Kiswahili zilipata soko la kweli baada ya Machi 1928. Mwezi huo Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu mjini Unguja kabla ya kujulikana kwa uimbaji, alikuwa Bombay na wenzake wakirekodi kwa kampuni ya Gramophone, ile yenye chapa ya mbwa, His Master's Voice. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Calcutta tangu 1908. Nyimbo za Siti ziliuzwa kwa makumi ya maelfu ya nakala katika pwani ya Afrika Mashariki, na kampuni nyingine za Ulaya, zilipoona biashara ile, zikaja mbio kutafuta waimbaji wa kwao.

Kuna jambo halisemwi sana kuhusu santuri hizo. Zilirekodiwa kwa maikrofoni na umeme, ufundi ulioanza kutumika katika studio za Marekani na Uingereza mwaka 1925 tu. Gramafoni iliyozipiga nyumbani haikuwa na umeme hata chembe. Ilitiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani, springi ikazungusha sahani mara 78 kwa dakika, sindano ikatikisa kiwambo chembamba, na tarumbeta lililofichwa ndani ya sanduku likaikuza sauti. Besi ya gambusi na upumuaji wa mwimbaji vilikuwamo ndani ya mfereji wa santuri. Kilichotoka sebuleni ni nusu yake, au pungufu.

Mtu alifanyaje basi ili apate zaidi? Alianza na sindano. Ziliuzwa katika vikopo vidogo vya bati, aghalabu 200 kwa kikopo, na kikopo kilikuwa na picha ya mbwa yuleyule. Sindano nyembamba ilitoa sauti ya chini, nene ilitoa sauti kubwa, kwa hiyo kabla ya kuwapo kitufe cha kuongeza sauti, kitufe kilikuwa ni kuchagua sindano. Maelekezo ya kiwanda yalikuwa makali: sindano moja kwa upande mmoja wa santuri, kisha itupwe. Dakika tatu, basi. Haikuwa janja ya muuza sindano. Santuri ya zamani ilitengenezwa kwa shelaki, gundi itokanayo na wadudu wadogo wa India, ikichanganywa na unga wa mawe, na unga ule uliwekwa makusudi ili uisage ncha ya chuma ipate umbo la mfereji. Mwisho wa wimbo ncha imekwisha kulika pembeni na kupata kingo kali kama patasi. Ukiirudisha mwanzo wa santuri nyingine, badala ya sindano kusagwa na santuri, santuri ndiyo inayochongwa.

Sasa mpe kikopo hicho mkulima wa muhogo na korosho, mwambie atupe chuma kizima baada ya dakika tatu. Sindano ilitumika mara mbili, mara tano, siku nzima. Santuri nyingi za zama hizo zilizobaki mahali popote Afrika Mashariki zina alama moja: mfereji uliokuwa mweusi unaong'aa umegeuka kijivu, na sauti ya mwimbaji inatokea nyuma ya mvumo kama wa mafuta yanayokaanga. Wengi huulaumu uzee. Uzee peke yake haufanyi hivyo. Santuri ya shelaki iliyokaa bila kupigwa kwa miaka 80, ikalindwa dhidi ya ukungu, hulia vizuri mpaka leo.

Mashine zenyewe hazikuwa mbaya. Gramafoni ya kubeba ya HMV iliyopewa namba 102, iliyoanza kuuzwa mwaka 1931, ilikuwa na mkono na kiwambo vilivyopimwa kwa hesabu za wahandisi, na ikiwekwa pembeni mwa chumba ilipata besi ambayo katikati ya chumba haikuwepo. Palikuwa pia na kiwiko kidogo cha kurekebisha mwendo. Springi ikianza kuchoka, wimbo ulizama polepole, na mwenye sikio alinyanyuka kuongeza ufunguo kabla wageni hawajacheka.

Kutoka 1933 kampuni hiyohiyo ikaanza kuuza Afrika mfululizo wa santuri uliopewa herufi GV, sehemu kubwa ikiwa rumba na soni za Kuba. Athari yake Tanganyika haikuwa ndogo. Bendi za dansi zilijifunza kwa kusikiliza santuri hizo tena na tena, na huko Morogoro, mwisho wa barabara inayopita Kibaha, Salum Abdallah aliita bendi yake ya kwanza La Paloma na ya pili Cuban Marimba. Mpiga gitaa anayenakili wimbo kutoka santuri anahitaji kitu ambacho mcheza dansi hakihitaji: kusikia kila uzi peke yake. Hawa, kwa hakika, ndio waliokuwa wasikilizaji wakali kuliko wote, na ndio waliomaliza santuri upesi kwa kurudia sehemu moja mara ishirini.

Mwaka 1951 ulikuja mshindani. Kituo cha Sauti ya Dar es Salaam kilianza kurusha matangazo, kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, ambayo jengo lake likawa palepale Barabara ya Pugu. Wapiga muziki waliingia studio, wakapiga wimbo kwa mkupuo mmoja mbele ya maikrofoni chache, na utepe ukahifadhiwa. Nyumba ya Kisarawe au Kibaha ilikuwa karibu na mji kiasi kwamba mawimbi yalifika yakiwa na nguvu. Redio haikuwa na sindano ya kuchakaa wala mfereji wa kuchubuka. Ikiwa swali ni sauti iliyo safi kwa senti ndogo, jibu la miaka ya 1960 na 1970 lilikuwa redio, na santuri haikuweza kulipinga.

Lakini redio haikubali amri. Huwezi kuiambia irudie wimbo, wala kuusimamisha mpaka mgeni muhimu afike.

Santuri ikapata maisha mapya kwa umbo jingine. Sahani ndogo za plastiki za mizunguko 45, zilizobuniwa Marekani mwaka 1949, zilikuwa nyepesi, hazikuvunjika zikianguka, na mifereji yake haikuwa na unga wa mawe. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri tangu miaka ya mwanzo ya 1950, cha kampuni ya East African Records. Mombasa walikuwako Assanand & Sons na lebo yao ya Mzuri. Tanganyika, na baadaye Tanzania, ilitegemea viwanda vya jirani. Hapa ndipo penye mzizi wa shida ya sauti: bendi ya Morogoro iliyosikika Kibaha kila wiki kwa redio ilipaswa kusafiri mpaka Nairobi ili ipate kusikika Kibaha kwa santuri. Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walifanya hivyo, na 45 zao zikarudi Tanzania zikiwa na lebo ya Polydor.

Wanunuzi walikuwepo. Mwaka 1963 nchi nne za Nordiki, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilianzisha Kibaha mradi wa elimu, afya na kilimo ambao ulikabidhiwa serikali ya Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Walimu, wauguzi na makarani walianza kulipwa mshahara mahali ambapo jana palikuwa na mashamba. Upande wa Kisarawe kulikuwa na shule ya Minaki, iliyohamia huko kutoka Kiungani, Unguja, miaka ya 1920, na misheni ya Kilutheri ya Maneromango iliyo ya zamani zaidi. Mwenye mshahara alinunua radiogramu ya mbao yenye miguu minne kama alikuwa na umeme. Wengi hawakuwa nao. Wao walinunua pleya ya kubeba, kifuniko chake ndicho spika, na tumboni betri sita kubwa.

Betri ndizo zilizoamua sauti. Zikiwa mpya, mota ilikwenda sawa. Zikianza kuisha, mota na amplifaya zilichoka kwa pamoja: wimbo ulipungua kasi, sauti ya Mbaraka ikawa nzito kama ya mtu aliyeamshwa, na kila neno lenye herufi "s" likatoka limepasuka. Dawa ilikuwa jua. Betri zilitolewa, zikapangwa juu ya ukuta au juu ya kipande cha bati kuanzia saa nne asubuhi, zikaanikwa mpaka alasiri. Wataalamu wa mjini waliicheka desturi hiyo, ila haikuwa ujinga: betri kavu ikipumzika na kupata joto hurudisha nguvu kidogo, ya kutosha nyimbo chache. Mwenye akili alizipiga zile za taratibu mwishoni, mota ilipokuwa haina tena uwezo wa kudanganya.

Kisha palikuwa na sarafu. Pleya za bei nafuu zilikuwa na kichwa chenye sindano mbili mgongo kwa mgongo: upande mmoja wa santuri za 78, ncha nene, upande mwingine wa santuri za mizunguko 45 na 33, ncha nyembamba mara tatu. Kiwiko kidogo kiligeuza. Mtoto akigeuza kwa kucheza, ncha nene ikawekwa juu ya 45, haikuweza kushuka mferejini, ikateleza juu kwa juu na kuruka. Au sindano ilikuwa imechakaa, au kichwa kimelegea. Badala ya kutafuta chanzo, mtu aliweka sarafu juu ya mkono. Senti hamsini ya mwaka 1966, yenye sura ya sungura, ina uzito wa gramu 4 hivi. Shilingi ina 8. Mkono uliotakiwa kukandamiza kwa gramu 5 au 6 ukakandamiza kwa mara mbili yake. Kuruka kuliisha palepale, watu wakashangilia. Katika kupigwa mara kumi zilizofuata, sauti nyembamba zilikuwa zimekwanguliwa: kwanza sahani za ngoma, kisha ukali wa saksafoni, kisha konsonanti za mwimbaji. Santuri iliyolia "shida" ikaanza kulia "hida".

Desturi hiyo haikuwa ya Pwani peke yake. Ilikuwako London na Kinshasa. Tofauti ni kwamba mtu wa London alipochoka aliingia dukani kununua sindano mpya ya yakuti, ambayo yenyewe hukadiriwa kudumu saa 50 hivi za kupigwa. Wa Kisarawe alisubiri mtu wa kumwagiza mjini, na mjini penyewe haikuwa hakika kwamba ingepatikana inayoingia kwenye kichwa chake. Kwenye sindano ndiko pesa zilikopaswa kwenda. Spika kubwa ilipendeza macho, lakini kilichotoka kwenye spika kilikuwa kimekwisha haribika sentimita ishirini kabla ya kufika huko.

Nyumba nazo zilikuwa na kauli. Nyumba ya zamani ya Kizaramo ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa makuti, na sakafu ya udongo uliokandamizwa. Kwa bahati njema hicho ni chumba kizuri cha kusikilizia muziki. Makuti humeza mwangwi, ukuta wa udongo uliokosa unyoofu huutawanya, na sakafu haitikisiki hata watu kumi wakicheza. Wasikilizaji wa Ulaya, wenye nyumba za sakafu ya mbao, wametumia pesa nyingi kununua meza za chuma na vigae vya mawe ili tu sindano isiruke mtu anapopita. Ilipokuja nyumba ya maendeleo, tofali za saruji, sakafu ya saruji na bati juu, sindano ilibaki salama lakini sauti ikaanza kugonga ukuta na kurudi. Mvua ya masika ikianguka kwenye bati hakuna haja ya kuendelea, santuri huzimwa. Tiba ya mwangwi ilikuwa ndani ya nyumba bila kutajwa: mkeka mkubwa, pazia zito, kitanda chenye godoro, magunia ya mpunga pembeni. Chumba cha kulala kikashinda sebule.

Wengine hawakuhitaji chumba. Santuri ilitolewa barazani, ikawekwa kwenye kigoda, majirani wakakaa chini. Nje hakuna ukuta wa kurudisha besi, kwa hiyo mlio huwa mwembamba, lakini hilo halikuwazuia.

Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na barabara ya santuri kutoka Nairobi na Mombasa ikakatika. Mbaraka Mwinshehe alifariki Mombasa Januari 1979 kwa ajali ya gari, mpaka ukiwa bado umefungwa. Vita vya Kagera vilikuwa vimeanza, na baada yake ikaja miaka ya kupanga foleni ya sabuni na sukari. Nani angepewa fedha za kigeni aagize sindano za santuri? Mpaka ulipofunguliwa mwaka 1983, kaseti ilikuwa imeshachukua nafasi. Kaseti ilirekodi kutoka redioni bila kulipa, ilibebwa mfukoni, na ilipokwaruza iliweza kufutwa na kurekodiwa upya. Pleya zikapanda juu ya kabati, mbao za radiogramu zikawa rafu za vyombo.

Kiu ya sauti haikupungua, ilihama tu. Spika iliyotolewa kwenye gari au redio bovu ilifungwa mdomoni mwa mtungi, ikielekezwa juu, na hewa iliyo ndani ya mtungi ikaipa besi ambayo spika ile haikuwahi kuwa nayo. Kanuni yake ni ileile ya kisanduku cha spika chenye tundu kinachouzwa kwa maelfu ya dola: hewa ndani ya chombo hutikisika kwa namba yake yenyewe, kwa hiyo mtungi mkubwa hupendelea besi ya chini, mdogo ya juu, na kila mmoja huvimbisha noti moja kuliko nyingine. Mwenye kupiga dansi aliuvumilia uvimbe huo. Mwenye kupiga taarabu alitafuta mtungi mwingine.

Na palepale katika vitongoji vya Wazaramo ukachipuka mchiriku, kinanda kidogo cha Casio, ngoma, na spika za tarumbeta zilizosukumwa mpaka zipasuke kwa makusudi. Kwa wapenzi wake ule mpasuko ndio utamu. Kundi la Jagwa Music limeupeleka hadi majukwaa ya Ulaya. Mtu anayetafuta sauti safi ya santuri angeziba masikio, lakini hawezi kusema hawa hawajui wanachosikia. Wanajua kwamba mlio wa kiwango hicho unafika mtaa wa tatu.

Siku hizi Kibaha imekaribia kuwa kitongoji cha Dar es Salaam, umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umeingia vijiji vingi vya Kisarawe, na kila nyumba ya kijana ina sabufa. Wapo wachache wanaoshusha pleya ya mzee juu ya kabati, au wanaoletewa mpya na ndugu walio ughaibuni, wakaichomeka nyuma ya sabufa na kuvunjika moyo: sauti inatoka nyembamba, ya chini, kama inatoka kwenye simu. Mashine haijafa. Santuri huchapwa besi yake ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba imeongezwa, kwa kipimo ambacho viwanda vya Marekani vilikubaliana mwaka 1954, na lazima kuwe na kikuzaji maalumu cha kugeuza mambo kinyume kabla ya kufika kwenye sabufa. Vichwa vya zamani vya kauri viliweza kufika bila hicho. Vichwa vya sumaku haviwezi. Kufungulia kitufe cha besi mpaka mwisho si suluhisho, huongeza mvumo tu. Mvumo mwingine, ule wa umeme unaoimba noti moja bila kukoma, mara nyingi ni waya mwembamba wa kutuliza ulioachwa ukining'inia nyuma ya pleya. Na sabufa ikiwekwa meza moja na pleya, besi huirudia sindano, sindano huirudishia sabufa, mpaka chumba kinanguruma chenyewe.

Pleya za zamani kutoka Marekani zina balaa la ziada. Transfoma hushusha volti 230 ziwe 110, lakini haibadilishi mapigo ya umeme, ambayo Tanzania ni 50 kwa sekunde na Marekani 60. Mota zilizofuata mapigo hayo huku huzunguka polepole: santuri ya 33 huzunguka chini ya mara 28 kwa dakika, na ya 45 mara 37 na nusu. Mbaraka huyo tena na sauti ya usingizi, safari hii bila kosa la betri. Viwanda vya Uingereza kama Garrard viliuza kapi za aina mbili kwa sababu hiyo, na asiyeipata humpelekea fundi wa kukereza vyuma kapi ya awali achonge nyingine yenye kipenyo kilichozidi kwa moja ya tano.